Jembe Lisilo na Mpini

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nalisema mapema ili mtu asije akashangaa mbele. Wanafunzi wangu walikuwa wakinifananisha na siafu nikiwapa mgongo. Nilijua, na sikuwahi kumchapa mtu kwa hilo, kwa sababu walikuwa wamepatia.

Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana, mwaka wa pili tangu nitoke chuoni, nafundisha Kiswahili kwenye shule moja ya sekondari karibu na mji wa Singida. Azimio la Arusha lilikuwa bado bichi. Jumamosi walimu wote tulishika majembe kwenye shamba la shule, mkuu wa shule akiwa mbele na kaptula yake, na ole wako useme mgongo unakuuma. Walimu wa sekondari waliozaliwa hapa nchini walikuwa wachache mno, kwa hiyo nusu ya chumba chetu cha walimu walikuwa watu wa ng'ambo. Wawili kati yao walikuwa majirani zangu, tunagawana ua mmoja. Mmoja alikuwa kijana wa Denmark, mwalimu wa hesabu, mrefu mpaka akiingia jikoni kwangu anainama. Mwingine alikuwa mama wa Kanada, amepita hamsini, nywele zimekuwa nyeupe kabisa, anafundisha elimu ya viumbe. Hakuwa na mume wala mtoto, na hakuona kama ni jambo la kuulizwauliza. Tulipikiana, tukaazimana chumvi, tukagombana juu ya kuku wa nani kala mchicha wa nani. Nilikuwa nawapenda, ingawa sikuwaambia.

Sasa niseme lililokuwa linaniwasha. Nilikuwa na mchumba na baba yangu hajui.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Mwankoko. Tulikutana kwenye mashine ya kusaga. Aliweka debe lake mbele ya langu, nikamwambia maneno ambayo hata mwenye mashine alizima injini ili ayasikie vizuri. Yule kijana akanitazama, akabeba debe lake, akaenda kulipanga mwisho kabisa wa foleni, nyuma ya akina mama kama ishirini. Mwanamume anayekubali kosa mbele ya watu ishirini hapatikani kila wiki. Siku ile niliondoka na unga na jambo la kuwaza.

Shida ni kwamba alikuwa Mgogo wa Kintinku, na Mwislamu. Mimi Mnyiramba wa kule Kinyangiri, binti wa pekee kati ya wavulana wanne, na baba yangu mzee wa kanisa. Tangu nikiwa mdogo alikuwa akisema mbele ya wageni kwamba binti yake ataolewa mahali ambapo yeye akipiga kelele, binti anasikia. Watu walicheka. Mimi nilimjua, na nilijua kwamba hapo hakuna utani.

Likizo ya Desemba nilikwenda nyumbani nimejiandaa kusema. Nikakaa wiki tatu, nikarudi sijasema hata silabi. Ilipofika Juni, mchumba wangu akapata barua ya uhamisho: shule zikifunguliwa, anahamia ng'ambo ya Manyoni. Alikuja kuniaga siku ya kufunga shule, akasimama pale uani hajakaa hata kwenye kigoda.

"Safari hii sema na mzee," aliniambia. "Ukirudi uniletee ndiyo au hapana. Nitaipokea yoyote. Lakini kuoa kwa kujificha kama mwizi wa kuku, hilo mimi siliwezi."

Nikamjibu kwa ukali kwamba asinifundishe kazi. Alipoondoka nikaingia ndani nikalia, maana nilijijua. Mimi niliyekuwa siogopi mkaguzi wa shule, nilikuwa namwogopa mzee mmoja mwenye fimbo ya mkomamanga.

Ndipo wale majirani zangu wakaja na lao. Walimu wengine wa ng'ambo walikuwa wanakwenda Arusha kuangalia wanyama, au wanakwenda kutembeleana na wenzao waliotoka nao kwao. Hawa wawili hawakutaka wanyama. Yule mama alisema, "Kila likizo ninyi mnakwenda kwenu, sisi tunabaki na mlinzi wa shule. Na sisi tunataka kwenda kwa watu."

Nikawaalika papo hapo. Walidhani ni ukarimu, na kidogo ulikuwa ukarimu. Lakini nilikuwa nimepiga hesabu zangu: baba hawezi kufoka mbele ya wageni. Nitasema wakiwa wamekaa, atameza, basi. Njia ya mwongo fupi, na ya mwoga ni fupi zaidi.

"Tumchukulie nini mzee?" aliniuliza yule kijana, mimi nikiwa napiga pasi, mkaa umenirukia kwenye gauni.

"Nyumbani kwetu ni wakulima," nikamfokea. "Chukueni kitu cha mkulima, mniache na gauni langu."

Wakaenda mjini. Kijana akarudi na jembe jipya, limefungwa kwenye kipande cha gunia. Yule mama akarudi na kopo kubwa la asali ya nyuki wakubwa, kwa sababu alikuwa akiisifu asali ya Singida kuliko Wasingida wenyewe. Nililiona lile jembe kwa macho yangu mawili. Nikasema, "Vizuri," nikaendelea kutafuta viatu.

Mtu wa kijijini kwetu akifika hapa ameshaanza kucheka. Asiye wa kwetu nimweleze. Sisemi Iramba nzima, maana kila bonde lina mambo yake, lakini kwenye kijiji chetu, tangu enzi za wahunzi, posa ilikuwa haianzi kwa maneno. Ilianza kwa jembe jipya lisilo na mpini, pamoja na asali. Kijana anakuja na mzee wa kwao, wanalitoa mbele ya baba wa binti, hawasemi kitu. Baba akiliacha pale nje, mnywe maji mwende zenu. Akiliingiza ndani, amekubali kusikiliza. Na akienda porini mwenyewe kukata mti na kulichongea mpini, basi hapo mambo yamekwisha, binti ana kwao kwingine.

Mnaniuliza nilisahauje. Nilipelekwa bweni nikiwa na miaka kumi. Vijana wa rika langu walikuwa wanapeleka blanketi na koti. Habari ya jembe niliiona kwa macho mara moja tu, nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, shangazi yangu alipoolewa. Na majembe ya dukani yote hayana mpini, hata ukinunua kumi. Kichwa changu kilikuwa kimejaa Kintinku, hakikuwa na nafasi ya jembe.

Tukapanda lori la ushirika hadi Kinyangiri, kisha tukatembea. Juni kwetu upepo ni wa baridi na unapiga vumbi usoni, lakini ni wakati wa mavuno, uwele umelazwa kila uwanja. Kijana wa Denmark alibeba gunia lake begani, yule mama kopo la asali kichwani, alikuwa amejifunza kwa wanafunzi wake na alijivuna nalo sana. Mimi nikatangulia. Fikiria sasa jinsi walivyotuona wale waliokuwa wakitutazama kutoka nyumbani: binti anarudi, nyuma yake kijana ambaye hajaoa, nyuma ya kijana mama mwenye mvi.

Tulipofika uani, wageni wakatoa shikamoo safi kabisa, niliwafundisha mwenyewe. Baba akaitikia. Mama akaleta vigoda. Kisha kijana akafungua gunia, akainuka, akampa baba jembe kwa mikono miwili, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haya, hakusema neno. Yule mama akaiweka asali chini, naye akanyamaza kwa adabu.

Baba alilipokea. Akaligeuza upande wa pili, akaligonga kwa ukucha. Akanitazama mimi, akanitazama kwa muda mrefu, nami nikatabasamu kwa sababu nilidhani amefurahia zawadi. Kisha akainama kwenye mlango wa nyumba yetu ya tembe, akaingia nalo ndani.

Shangazi yangu, ambaye alikuwa amekaa anachambua mlenda, akapiga kigelegele kilichosikika kwa majirani. Majirani nao wakaitikia. Nikajisemea, mcheza kwao hutunzwa, wamefurahi mwalimu wao amerudi.

Jioni ile ilichinjwa mbuzi. Baba yangu hakuwa mtu wa kuchinja hovyo. Krismasi yenyewe tulikuwa tunamzunguka siku tatu ndipo akubali. Nikaona, loo, wageni wana heshima. Wazee wawili wa jirani wakaja kukaa naye. Mimi sikuruhusiwa kukaa na wageni wangu, mama aliniambia nile ndani na wanawake, nikanung'unika nikala. Lakini tembe halina siri, nilikuwa nasikia kila kitu.

"Mama yako yu hai?" baba alimuuliza yule kijana.

"Yu hai, mzee."

"Umemwona lini?"

"Huu ni mwaka wa tatu sijamwona."

Baba akauliza tena, polepole, kana kwamba kijana hakulielewa swali. Kijana akajibu vilevile, mwaka wa tatu, na kwamba barua inachukua wiki nyingi, na mama yake amebaki peke yake na ng'ombe wa maziwa.

"Na ukioa, utakaa huku au kwenu?"

"Nadhani kwetu. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee."

"Unasali kanisa gani?"

"Mimi siendi kanisani, mzee."

Kule ndani nikaweka tonge chini. Nilikuwa nimemwambia mara mia kwamba kwa baba yangu jibu la swali hilo ni Lutheri, ajiteteze baadaye kwa Mungu wake. Lakini yule kijana alikuwa hawezi kudanganya hata kuhusu umri wa suruali yake. Nikasubiri baba afoke. Hakufoka. Alisema tu, "Haya, ongeza nyama," na sauti yake ilikuwa ndogo.

Kesho yake ilikuwa kupura uwele. Kijana akapewa fimbo ya kupuria, akavua shati, akawa mwekundu mgongo mzima. Wale wazee wawili walileta vigoda vyao wakakaa kumtazama, hawana kazi nyingine. Akipiga vizuri wanaguna. Akipumzika wanaguna vingine. Hadi adhuhuri malengelenge yalikuwa yamepasuka mikononi na hakusema kitu. Yule mama wa Kanada alikuwa amezaliwa kwenye shamba la ngano, akachukua ungo akapepeta na akina mama, anarusha na kupokea, makapi yanaruka, punje hazimwagiki. Wanawake walisimama kumtazama.

Shangazi akamsogelea. Nilikuwa mbali kidogo, nikasikia tu nusu, nikadhani ni mazungumzo ya kufahamiana.

"Kijana huyu ni mwanao?"

"Ni kama mwanangu," akajibu yule mama kwa upole.

"Na binti yetu mnampenda?"

"Tunampenda sana. Ana kelele, lakini tunampenda. Ningefurahi nikae naye siku zote."

Shangazi akamshika mkono akamshukuru.

Baada ya chakula cha mchana shangazi huyohuyo akanivuta nyuma ya kihenge cha nafaka. Akanikalisha. Akaanza kunipa maneno ya mwanamke na mwanamke, kwamba nikifika ukweni niamke kabla ya mama mkwe hata kukiwa na baridi gani, na hasira zangu nizifunge kwenye kitambaa nizifukie, na kwamba mama mkwe mwenyewe anaonekana mtu mwema na ungo anaujua.

"Mama mkwe yupi?" nikamuuliza.

"Huyo uliyemleta."

"Shangazi, huyo ni mwalimu mwenzangu."

"Na mama mkwe akiwa mwalimu kuna ubaya? Jembe tumeliona, asali tumeionja, na baba yako amekwenda tangu asubuhi kutafuta mti wa mpini."

Kila kitu kikanijia kwa mpigo: kile kigelegele, mbuzi, maswali, wale wazee na miguno yao. Nikasimama, nikamwacha shangazi na mdomo wazi, nikaenda kwa wageni wangu nikawamwagia yote kwa Kiingereza, kwa sauti ya kufundishia darasa la watu hamsini. Mmeniposa. Ndiyo, ninyi. Kwa jembe na asali. Na baba amekubali.

Kijana akawa mwekundu hadi masikioni, na alikuwa tayari mwekundu. Yule mama alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa akacheka mpaka machozi, na mimi nikamkasirikia, kisha nikacheka kidogo, kisha nikamkasirikia tena. Wote wawili walikuwa wanamjua mchumba wangu. Walikuwa wamekula wali aliopika.

"Nitakwenda kumwomba mzee anirudishie jembe," kijana akasema. "Nitaeleza kosa langu."

"Thubutu," nikamwambia. "Jembe lililoingia ndani likitoka, baba yangu hatapita tena mbele ya wale wazee. Ataonekana binti yake kakataliwa baada ya kulishwa mbuzi."

Hapo kicheko cha yule mama kikakatika. Akaniambia, "Basi kamwambie mwenyewe. Na umwambie na lile lingine."

Nikaenda kwanza kwa mama yangu, kama ilivyo desturi, nikamwambia mambo yote mawili kwa pumzi moja, la jembe na la Kintinku. La jembe lilimchekesha akajishika ukuta. La Kintinku likamkalisha.

"Kumbe ndiyo maana Desemba ulikuwa huli," akasema. Akafikiri. "Mimi jambo hili sina mdomo wa kulisema. Nenda wewe. Yuko nyuma ya zizi."

Nilimkuta baba amekaa kwenye gogo, shoka dogo mkononi, amepata mti mzuri ulionyooka, anauchonga. Maganda yalikuwa yamemjaa miguuni. Jembe lilikuwa pembeni yake. Alikuwa anapima tundu kwa kidole, anachonga kidogo, anapima tena, kazi safi kabisa, na uso wake ulikuwa umechoka kuliko nilivyowahi kuuona. Nikapiga goti.

"Baba, lile jembe ni kosa."

Shoka likasimama. Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nilianzia katikati, nikarudi mwanzo, nikasahau asali nikairudia. Kwamba kijana hakuniposa, kwamba hajui mila, kwamba alitaka kuleta zawadi ya mkulima, kwamba mama yule si mama yake. Baba alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Alilinunua la nini?"

"La kulimia, baba."

"Basi si uongo," akasema. "Ni la kulimia."

Nilijua anawafikiria wale wazee wawili. Habari ilikuwa imeshafika hadi kanisani, na Jumapili angesimama mbele na kapu la sadaka kila mtu akimtazama. Nikaona nimemvua nguo mbele ya kijiji chake kwa sababu nilikuwa napiga pasi.

Halafu akaliinua jembe akalitazama upya.

"Mtu akileta jembe la posa na si yeye anayeoa," akasema polepole, kama anayesoma, "huyo anaitwaje?"

"Mshenga, baba."

"Enhe. Basi wageni wako ni washenga. Mimi sikukosea kuliingiza, wala wao hawakukosea kuleta. Wazee nitawaambia hivyo, nao wamekula nyama, hawana la kusema." Akaniangalia. "Sasa mshenga hajitumi. Katumwa na nani?"

Hapa ndipo nilipokuwa nimepakimbia mwaka mzima, na mlango alikuwa ameufungua mwenyewe. Ningeweza kusema hakuna mtu, tukacheka, nikarudi Singida na hapana yangu. Nilifikiria debe la mahindi mwisho wa foleni.

"Yuko mwalimu," nikasema. "Shule ya msingi. Ana adabu. Mwezi ujao anahamia upande wa Manyoni. Ni Mgogo, baba. Ni Mwislamu. Kwao ni Kintinku."

Nikainamisha kichwa nikangoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila neno ambalo baba angeweza kulisema, nilikuwa na majibu yake yote, na yalikuwa majibu makali. Nilisikia shoka linawekwa chini.

"Kintinku," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Pale treni inaposimama?"

"Pale pale."

Nikainua macho. Baba yangu alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili na mabega yake yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kisha nikaona ni vyote viwili.

"Mwanangu," akasema, "unajua nimelala vipi usiku wa kuamkia leo? Nilipokuona unatabasamu pale uani, nikasema, ndiye aliyemtaka. Nikaliingiza jembe. Usiku nikamuuliza yule kijana, akaniambia mama yake hajamwona mwaka wa tatu. Na kwamba akioa anarudi kwao. Nikawa nahesabu. Nikasema, mimi sina miaka mitatu mingi iliyobaki. Haendi kanisani, nikameza. Nikasema, kama ndiye aliyemchagua, acha aende, nisimlilie mbele ya watu. Tangu asubuhi nachonga hapa najizoeza kutokuwa na wewe." Akapangusa uso kwa kiganja. "Sasa unakuja hapa kunipigia goti kuniambia Kintinku?"

"Ni Mwislamu, baba," nikarudia, maana nilikuwa siamini masikio yangu.

"Nimesikia, si kiziwi. Huyo angalau anasali. La dini ni zito, tutalikalia na yeye akiwa amekaa hapa nimwone anavyokula. Hilo si la leo."

Nikaketi chini kwenye yale maganda na gauni langu la pasi, nikalia kwa sauti kama mtoto wa miaka mitano, mimi mwalimu wa sekondari. Baba hakuninyamazisha. Aliokota shoka lake akaendelea kuchonga, na kila baada ya kupiga mara mbili tatu alikuwa akitikisa kichwa na kusema peke yake, "Kintinku. Kumbe ni Kintinku tu."